Uso Juu ya Beseni

Kila asubuhi, kabla ya kufungua mlango wa mbele wa karakana, nilikuwa nafanya mambo yale yale. Nanawa mikono hadi viwikoni. Nafuta ubao mdogo wa majaribio kwa kitambaa kikavu, namimina vijiko vitatu vya rangi sikivu, nasubiri itandae. Halafu nafunga utepe wa nyuzi kisogoni, naweka kiganja cha kushoto kwenye sahani ya shaba iliyo chini ya ubao, na nafikiria jagi la kijani.

Lilikuwa jagi la bweni, enzi za sekondari. Halikuwa la mtu. Halikunifurahisha wala kunihuzunisha, na ndiyo maana nililichagua, kwa sababu kumbukumbu ya kujaribia rangi inatakiwa iwe kitu ambacho kikipotea hutakitafuta. Rangi inazunguka kidogo kama uji unaokaribia kuchemka, inatulia, na jagi langu linatokea na mpini wake uliovunjika. Nikiliona najua rangi ni nzima. Nalimwagia maji, linakwenda.

Jumatano ile jagi halikuja.

Rangi ilizunguka muda mrefu kuliko kawaida. Kwanza ubao wote ukawa mweupe, weupe wa povu. Kisha katikati kikaja kitu cha bluu, cha mviringo, kikubwa mpaka kingo zake zikakatwa na kingo za ubao. Juu ya bluu ile ikatokea mikono miwili ya mwanamke, imelowa, kidole gumba cha kulia kimefungwa ndani ya kitambaa. Mikono ilikuwa inanijia usoni.

Niliondoa kiganja kama mtu aliyeunguzwa. Picha ikabaki ikitetemeka ubaoni, haijui iende wapi.

"Kimaro!" niliita. "Kimaro, njoo!"

Kimaro alitoka chumba cha nyuma akiwa na barakoa shingoni na unga wa rangi kwenye nyusi. Yeye ndiye mwenye karakana. Ana miaka hamsini na kitu, na hajawahi kuniona nikipaza sauti.

"Vipi, jagi limezaa?" aliuliza. Halafu akaona ubao, akaniona na mimi, akaacha kucheka. "Hiyo umeiita mwenyewe?"

"Sijaiita. Nimeita jagi."

Aliniangalia mikono. "Umenawa na nini?"

Niligeuka kwenye sinki. Chupa ya sabuni ya maji haikuwepo. Palikuwa na kipande cha sabuni ya mche kwenye kifuniko cha kopo, kimekatwa vizuri kwa kisu.

"Ile ya maji iliisha jana," Kimaro alisema taratibu. "Nikaona tutumie hiyo kwa leo tu."

Nilileta mikono puani. Harufu ilikuwa pale pale ilipokuwa siku zote, ila kwa miaka ishirini na mitatu hakuna aliyeigusa.

*

Mama yangu alifariki nikiwa na miaka minne. Mwaka mmoja baadaye ukaja Mwaka wa Kufutika. Watu waliamka asubuhi wakakuta kila picha iliyotunzwa kwenye simu na mitambo imekuwa weupe mtupu unaong'aa: za harusi, za maziko, za vitambulisho. Hazina zote za picha zilizokuwa zimetunzwa mbali, kwenye nchi ambazo hatukuzijua, zilikuwa tupu. Waliokuwa na picha za karatasi ndani ya masanduku wakawa matajiri wa sura. Nyumbani kwetu hatukuwa na hata moja.

Kwa hiyo mimi nilikuwa na kitu kimoja tu cha mama. Beseni la bluu, harufu ya sabuni ya mche, mikono inayonisugua masikio bila kuniumiza, na mtu anaimba. Nilikuwa nimefumba macho kwa sababu ya povu. Kila niliporudi pale nilijua kwamba nikivumilia kidogo povu litasuuzwa, nitafumbua macho, na uso wake utakuwa hapo juu. Sikuwahi kuvumilia mpaka mwisho. Niliogopa kuuchakaza.

Kazi yetu ilinifundisha kuogopa. Rangi sikivu ni chembe ndogo kuliko vumbi la unga, na kila chembe inakwenda inakoitwa na sahani. Utepe unasoma, sahani inaita, chembe zinapanda moja juu ya nyingine mpaka zinakuwa wekundu au kivuli au jino. Hilo ndilo wateja wanalolishangaa. Lisilosemwa kwa sauti ni kwamba kumbukumbu iliyoitwa na rangi hulainika kichwani kama nta iliyopitishwa karibu na moto. Ukiumwagia ubao dawa ya kugandisha huku mwenyewe anautazama, kumbukumbu nayo hukauka vile vile ulivyokauka ubao. Usipogandisha, una siku tatu hivi. Baada ya hapo inajifunga yenyewe na chochote kilichoikaribia, au haijifungi kabisa.

Jagi langu, naamini, siku za mwanzo lilikuwa na mpini mzima.

"Mpaka Ijumaa," Kimaro alisema. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, kipande cha sabuni mkononi, anakigeuzageuza kama ushahidi. "Nisamehe, Naeli. Nimeharibu."

"Hukujua."

"Uso haupo, nimeuangalia ubao. Wewe peke yako huwezi kuufikia, unakimbia. Unahitaji shahidi, mtu aliyekuwa nyumba ile. Nani bado yupo?"

"Mama mdogo."

"Basi mpigie mama mdogo."

*

Mama mdogo ndiye aliyenilea. Anaitwa Nakiete, mdogo wa mama, na mpaka leo anaishi Usangi, juu kule kwenye ukungu, kwenye nyumba ile ile. Nilipokuwa darasa la kwanza nilimwita mama mbele ya majirani waliokuja kuomba moto. Alinishika kidevu. Hakukasirika, lakini alinishika hadi nikamtazama. "Mama mdogo," alisema. "Mama yako yuko kaburini. Usimnyang'anye jina lake." Tangu hapo nimelisema jina lote, maneno yote mawili, hata nikiwa na homa, hata siku ya mahafali yangu alipolia mpaka kitambaa kikamdondoka kichwani.

"Shikamoo mama mdogo."

"Marahaba mwanangu. Mbona sauti imekaa hivyo? Umekula?"

Nilimweleza. Nilimweleza vibaya, nikirukaruka, lakini alielewa. Nikasikia kuku wake na mtu kwa mbali anapasua kuni.

"Beseni gani?" aliuliza.

"La bluu. Lile mama alilokuwa ananiogeshea."

"Nina maharage juani, Naeli."

"Mama mdogo, itapotea."

"Na wiki hii kuna kikao cha maji. Mimi ndiye katibu. Nisipokwenda watagawa zamu wanavyotaka wao, unawajua."

"Itapotea Ijumaa. Sitakuwa na kitu tena."

Kuku. Kuni.

"Lazima niwe mimi?"

"Bibi hayupo. Babu hayupo. Nani mwingine?"

"Hakuna," alikubali, kwa sauti ya mtu aliyepekua nyumba nzima. "Nitaangalia kama gari la kamba la angani linashuka Ijumaa asubuhi. Ukungu ukiwa mzito hawalishushi."

Kesho yake, Alhamisi, nilihudumia wateja wawili. Wa kwanza alikuwa bibi aliyetaka ng'ombe wake wa zamani, na ng'ombe akaja vizuri mpaka na nzi wake. Nilipokuwa namfungia utepe yule wa pili niligundua kwamba sikumbuki tena kama beseni lilikuwa la bluu ya anga au bluu ya wino. Nilisimama katikati ya chumba nimeshika utepe. Nikajaribu kurudi na kuangalia. Mikono ilikuwepo, lakini kidole gumba sasa hakikuwa na kitambaa, au kilikuwa nacho kile cha kushoto. Kuna kitu kilikuwa kinatembea ndani ya kichwa changu kikihamisha vyombo, na kila nilipogeuka kukitazama kilikuwa kimetoka.

Mteja aliniuliza kama ninaumwa. Nikasema hapana. Nilichora mlango wa nyumba yake ya utotoni, na mlangoni, bila yeye kuuita, pakasimama mwanamke mwenye povu mahali pa uso. Nilikuwa nimesahau kuvua utepe wangu mwenyewe. Nikamfuta mwanamke yule haraka kabla mteja hajavaa miwani.

*

Ijumaa saa mbili na nusu alikuja Mzee Mmbaga, kama Ijumaa zote.

Mzee Mmbaga hachori. Anakuja kutazama ubao wa baba yake, ambao watoto wake hawaruhusu auweke nyumbani. Aligandishiwa kabla mimi sijaanza kazi hapa, na mgandishaji mwingine, kama zawadi ya kutimiza miaka sabini. Baba alitokea ubaoni amekunja uso, na watoto wakamwomba mgandishaji afanye kitu kidogo tu. Akachukua kijiti cha pamba akainua pembe za mdomo, upana wa punje ya mtama kila upande. Akagandisha.

Mzee alikaa mbele ya baba yake anayetabasamu, kofia magotini.

"Binti," aliniita. "Shikamoo" yangu hakuijibu, huwa haijibu akiwa mbele ya ubao ule. "Huyu mtu alikuwa mwema?"

"Sikumjua, mzee wangu."

"Anacheka. Namkumbuka kabisa akicheka. Kamba ameshika hivi, na anacheka." Alijishika tumbo. "Sasa mbona nikimwona nataka kwenda chooni kama mtoto? Nilikuwa mtoto mbaya, eti? Mtu anachekaje hivi halafu mimi namwogopa?"

Nilimpa maji. Alikunywa nusu, akavaa kofia, akamuaga baba yake kwa kupunga mkono, akatoka.

Saa nne mama mdogo akaingia.

Alikuwa amevaa gauni la kanisani na sweta juu yake, ingawa huku chini, mjini Mwanga, jua lilikuwa limeshawasha mabati. Mkononi ana kapu, ndani ya kapu makande kwenye chombo cha kuhifadhi joto, maana hawezi kwenda mahali mikono mitupu hata kama mahali penyewe ni pa hukumu yake.

"Karibu shemeji!" Kimaro alimpokea kapu. Koo zetu hazijawahi kuoana, lakini yeye ni Mchaga wa Machame na sisi ni Wapare, na utani hauhitaji hati. "Umekuja kutushtaki?"

"Nimekuja kuangalia kama rangi bado ipo, au Mchaga umeshaipeleka sokoni."

"Nyie Wapare mtapeleka hata ndoto mahakamani."

"Na nyie mtaiuza kabla kesi haijaitwa."

Mama mdogo alicheka, mimi nikacheka, na wakati tunacheka aliangalia ubao mkubwa ukutani, mtupu, mweupe, akawa wa kwanza kuacha kucheka.

"Shikamoo mama mdogo."

"Marahaba." Alinishika shavu kwa nyuma ya kiganja kama anayepima homa. "Umekonda. Tufanye, tumalize."

Kimaro alimweleza kazi ya shahidi. Kwanza mimi peke yangu. Nikishindwa, ndipo yeye aongeze kiganja chake kwenye sahani ile ile, na kile alichokiona yeye siku zile kitaipa nguvu picha yangu. Lakini awe mwangalifu. Viganja viwili vikiwa pamoja, rangi inamsikia zaidi mwenye kumbukumbu nzito.

"Nzito maana yake nini?" aliuliza.

"Aliyeibeba zaidi," Kimaro alisema.

Nilivaa utepe. Nilinawa kwa sabuni ile ya mche, kwa makusudi sasa, nikaweka kiganja kwenye shaba, na nikafumba macho jinsi nilivyokuwa nimeyafumba siku ile.

Povu. Bluu, ilikuwa ya wino, nashukuru. Maji ya uvuguvugu yakishuka nyuma ya masikio. Wimbo. Nilihisi hamu ya kukimbia na sikukimbia, kwa kuwa nyuma yangu nilisikia mama mdogo anapumua, na nikajiambia hata nikianguka kuna mtu. Maji yakamwagwa kichwani mara moja, mara mbili. Nikafumbua macho.

Ubaoni uso ulikuwa umeinama juu ya beseni, unanitazama.

Ulikuwa wa msichana, mashavu yamejaa, jasho juu ya mdomo. Nyusi ya kushoto imekatwa katikati na kovu, mahali mbuzi alipomrusha ukutani akiwa na miaka saba. Hadithi ya mbuzi yule nimesimuliwa mara mia. Kovu lile nimelitazama kila siku ya maisha yangu.

Niligeuka. Mama mdogo alikuwa amekaa na mikono mapajani, na kovu lake, na miaka arobaini na miwili yake.

"Ni wewe," nilisema.

Aliitazama mikono yake.

"Bibi alisema ni mama. Nilimwuliza. Nilikuwa mdogo lakini nakumbuka, nilimwuliza nani alikuwa ananiogesha kwenye beseni, akasema mama yako."

"Alikuambia kweli alivyojua yeye. Kwake sisi wote wawili tulikuwa mama zako. Angeniita nani?" Alivuta sweta kama anayesikia baridi. "Ulikuja unaniambia, mama mdogo, namkumbuka mama akiniosha. Umefurahi, macho yako makubwa hivi. Ningesemaje? Nikuambie hapana, ni mimi tu?"

"Yeye alikuwa wapi?"

"Chumba cha ndani. Ugonjwa wa kifua, ule uliokuwa hausikii dawa. Daktari alisema mtoto asisogee kabisa. Tangu ulipotimiza miaka miwili hakukugusa, Naeli. Alikuwa anakuona kwenye upenyo wa mlango nikikuogesha barazani."

"Na wimbo?"

"Wimbo ni wake. Mimi siwezi kuimba, unanijua. Alikuwa anaimba kule ndani."

Kimaro alikohoa, akajifanya anapanga vijiko.

Nilitazama ubao. Rangi haina sauti. Chochote nitakachogandisha pale ndicho nitakachokuwa nacho, na mama yangu hakuwemo. Alikuwa nyuma ya mlango, kushoto kwa ubao, mahali ambapo mtoto mwenye povu machoni hakutazama hata mara moja. Ningeweza kumchora kwa mkono wa mama mdogo peke yake, kama tunavyofanya kwa wateja. Ingekuwa picha ya mtu niliyeambiwa kwamba ni mama yangu. Wa kuambiwa nilikuwa naye tangu zamani.

Nadhani alisoma yote hayo mgongoni kwangu.

"Mimi uso wake ninao," alisema. "Ninao wote. Kabla hajaumwa, mnene, mzuri. Amesema huyu mwenzako rangi inamsikia aliyebeba zaidi. Basi niweke mkono. Nimlete pale juu ya beseni, mimi nitoke. Mgandishe hivyo. Utakuwa na mama anayekuosha."

"Si kweli hiyo."

"Ushahidi ni wangu. Mimi ndiye niliyekuwepo, na mimi nasema ni yeye."

"Shemeji," Kimaro alisema, utani wote umemtoka. "Hiyo hatufanyi. Si kupaka rangi ukuta. Huyu binti akitoka hapa atakuwa hakukujua ukiwa msichana. Hutakuwepo, hata kidogo."

"Sina haja ya kuwepo. Kwani mimi nimekufa? Nikitakiwa ananipigia simu."

Kimaro alinitazama. Kisha akatoa chupa ya dawa ya kugandisha kabatini, akaiweka mezani karibu na mkono wangu wa kulia.

"Mimi natoka nje," alisema. "Hii sigandishi, na kukuzuia siwezi, kichwa ni chako. Lakini Mzee Mmbaga umemwona leo."

Mlango ukafungwa.

Sitajifanya. Nilitaka. Nilikuwa na miaka ishirini na saba, na katika maisha yangu yote hicho tu ndicho nilichokuwa nimekitaka, kufumbua macho nimkute. Nilichukua utepe wa pili nikamfunga mama mdogo kisogoni, nywele zake zina mvi chache pale ambapo hawezi kuziona. Akaweka kiganja chake juu ya shaba kando ya changu. Vidole vyetu vilikuwa vinagusana.

Rangi ilisimama. Kisha ikaanza kuvuka.

Mashavu ya msichana yalipungua na kurefuka. Kovu likajifunga kama lililoponywa kwa pumzi moja. Paji la uso likapanuka, na mdomoni, ukifunguka taratibu, pakaja mwanya katikati ya meno, mpana, wa kucheka nao. Nina mwanya huo. Niliugusa kwa ulimi bila kufikiri. Mwanamke yule alinitazama kutoka juu ya maji, na akawa mama yangu, mzima, mikono yake kwenye masikio yangu. Na ndani ya kichwa, nikiwa macho kabisa, nilihisi kumbukumbu ikimgeukia. Nilihisi siku ile ikianza kuamini.

Nilishika chupa.

Kwa taratibu zetu, kabla ya kugandisha, mgandishaji humwuliza aliyeleta uso: huyu ni nani? Mtu anajibu, ndipo chupa inainuliwa. Ni swali la utaratibu tu, nimeliuliza mara elfu. Siku ile ningeweza kulipita na hakuna ambaye angejua. Niliona nashindwa kulipita.

"Huyu ni nani?" nilimwuliza mama mdogo.

Alikuwa amefumba macho, machozi yanashuka hadi kidevuni. "Dada yangu. Anaitwa Namsifu."

"Anafanya nini?"

"Anamwogesha mwanawe."

Ubao ukatetemeka. Rangi haikuwa inasikiliza mdomo wake. Nyusi ya kushoto ya mama yangu ilikatika katikati, ikajiunga, ikakatika tena.

"Mama mdogo, anaondoka."

"Ninaye. Ninamshika."

Mwanya ukaanza kuziba. Mashavu yakajaa, yakapungua. Nyuso mbili zilikuwa zinapita ndani ya uso mmoja, na katikati yao, kwa vipindi vifupi, palikuwa na uso wa tatu usio na mtu, nami niliogopa nikaibana chupa kifuani.

"Humshiki," nilisema. "Mama mdogo. Humshiki."

Alifumbua macho akauona ubao. Nilidhani atajitahidi zaidi. Badala yake alinyanyua kiganja kutoka kwenye shaba, kidole kimoja kimoja, kama anayevunja ahadi, na mama yangu akatoka kwenye picha bila fujo, kama mtu anayerudi chumbani kwake.

"Simshiki," alisema. "Sitaki kumshika. Miaka miwili, Naeli. Maji nilichota mimi, nilipasha mimi. Povu likikuingia machoni ulikuwa unanililia mimi. Na yeye yuko kule ndani anaimba, na mimi, Mungu anisamehe, naomba aimbe kwa sauti ya chini ili usigeuze kichwa. Alikuwa hai, ananisikia, na mimi nilikuwa nakutaka uwe wangu. Alipokufa nililia, na nilikuwa nimekupata. Ndiyo sababu sikukuruhusu uniite mama." Alijifuta uso kwa mkono wa sweta, wote, kama anavyojifuta mtoto. Kisha akauelekeza mkono ule kwenye ubao, kwa msichana mwenye kovu aliyeinama juu ya beseni. "Pale ni mimi. Mimi ni mama yako. Usinitoe."